Laptopu Imezeeka: Uitengeneze au Ununue Nyingine? Mwongozo Kamili

Watu wengi wanaoniuliza swali hili huwa wameshatoa hela mara moja. Mmoja amebadilisha betri, na laptopu bado inachukua dakika nne kuwaka. Mwingine ameongeza ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), na bado inazimika yenyewe katikati ya kazi. Wa tatu alikata tamaa akanunua mpya. Mdogo wake akaichukua ile ya zamani, akaiwekea SSD (diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka), na sasa anamcheka kaka yake. Wote watatu wamekosea mahali pamoja: wameanza na dawa kabla ya kipimo.

Umri peke yake hausemi kitu. Laptopu ya miaka minane yenye diski iliyochoka hupona kwa kifaa kimoja. Ya miaka mitatu iliyoingiwa na maji inaweza kukumaliza mfuko bila kupona. Tenga jioni moja, fuata hatua kwa mpangilio wake, na usiguse pochi mpaka hatua ya 6.

## Vya kuandaa

- Chaja ya laptopu hiyo, au nyingine yenye volti ile ile kabisa na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya asili. Volti ikizidi unaweza kuunguza mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani.
- Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha mafaili yako yote.
- Flashi nyingine tupu ya GB 8 au zaidi. Hii itafutwa yote, kwa hiyo usitumie yenye picha za familia.
- Televisheni au skrini nyingine yenye tundu la HDMI, pamoja na waya wake.
- Bisibisi ndogo. Laptopu nyingi hutumia skrubu za nyota. Za Apple zina kichwa chenye pembe tano, na bisibisi isiyo yake itazivuruga.
- Brashi laini, tochi ya simu, karatasi na kalamu.

## Hatua ya 1: Okoa mafaili yako kwanza

Vipimo vinavyofuata vinaifanyisha diski kazi, na diski iliyo mahututi inaweza kukata roho katikati ya kipimo. Nakili mafaili, usiyahamishe: ukihamisha na umeme ukakatika, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule. Anza na yale yasiyopatikana popote, yaani picha, nyaraka na hesabu zako. Filamu zitasubiri.

Onyo. Ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, acha vipimo vyote. Nakili yaliyo muhimu zaidi, kisha zima. Kila dakika ya ziada inapunguza nafasi ya kuyaokoa.

Wanaotumia Windows, angalieni kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo. Laptopu nyingi huja kinga hiyo ikiwa imewashwa bila mwenyewe kujua, na siku ukibadilisha mazabodi inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike sasa kwenye karatasi, siyo ndani ya laptopu hiyo.

Umefaulu ukiweza kufungua mafaili matano tofauti kutoka kwenye nakala, kwa kutumia kompyuta nyingine. Kuona tu majina yake hakutoshi. Nasisitiza kwa sababu mimi niliwahi kupeleka laptopu kubadilishiwa kibodi, ikarudi safi kama imetoka kiwandani. Fundi aliona ina mafaili mengi, akaifuta ili "iwe nyepesi". Alidhani ananifadhili.

## Hatua ya 2: Andika dalili kwa sentensi moja

"Imekuwa mbovu" si dalili. Andika inafanya nini, lini, na baada ya muda gani. "Inazimika ghafla baada ya dakika 20 nikitazama video, hata ikiwa kwenye chaja." Sentensi kama hiyo imeshakuondolea betri kwenye orodha ya watuhumiwa na kukuelekeza kwenye joto.

Kama dalili ni nyingi, andika kila moja peke yake. Laptopu nzee mara nyingi ina magonjwa mawili kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanapotibu dogo wakaliacha kubwa.

## Hatua ya 3: Pima, na vipimo hivi ni bure

### Haiwaki kabisa

Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Chaji iliyobaki kwenye saketi wakati mwingine huifanya laptopu igome kuwaka, na watu wameshalipia "matengenezo ya mazabodi" kwa tatizo la sekunde 30. Ikigoma, jaribu chaja nyingine inayolingana kabla ya kulaumu kitu kingine.

### Betri

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi andika:

powercfg /batteryreport

Utaambiwa ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri iliyozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki leo. Betri iliyozaliwa na 48,000 na leo inabeba 21,000 imebaki na asilimia 44. Ikishuka chini ya nusu, imechoka kweli. Kwenye MacBook, tazama idadi ya mizunguko ya chaji katika taarifa za mfumo. Nyingi zimeundwa kwa mizunguko 1,000.

Lakini kumbuka, betri iliyochoka kwa kawaida haiifanyi laptopu iwe nzito, yaani ya polepole. Kama kilio chako ni uzito, betri mpya haitakusaidia.

Onyo. Kibao cha kuongozea mshale (touchpad) kimeinuka, mfuniko haufungi vizuri, au sehemu ya chini imefura? Betri imevimba. Zima, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza irudi ndani. Betri za lithiamu zikitobolewa huwaka moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Hii ibadilishwe hata kama bado inakaa na chaji.

### Diski

Hapa ndipo penye jibu la laptopu nyingi "nzito". Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, kisha tazama safu ya diski dakika tano baada ya kuwasha, bila kufungua chochote. Ikiganda kwenye asilimia 100, au karibu na hapo, diski ndiyo inayokuchelewesha.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachotembea juu yake kutafuta kila kipande cha faili. Mifumo ya sasa husoma maelfu ya vipande vidogo kwa wakati mmoja, na kichwa ni kimoja. SSD haina kinachotembea. Kwa mafaili makubwa, diski ya sahani hutoa takriban MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA (inayotumia muunganisho ule ule wa diski za zamani) hufika MB 500 na zaidi. Kwa vipande vidogo tofauti ni kubwa mno hata kulinganisha kunachekesha.

Kisha pima afya yake. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha hali kwa rangi: bluu nzuri, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Tazama hasa mistari yenye namba 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu zilizoharibika au zinazogoma kusomeka. Hesabu ikianza kupanda, usiahirishe hatua ya 1.

### Ramu

Fungua programu zako zote za kila siku, kama unavyofanya ukiwa na kazi nyingi, kisha rudi kwenye Task Manager. Matumizi yakikaa juu ya asilimia 85 muda wote, ramu haitoshi. Yakiwa asilimia 50 na laptopu bado inasuasua, kuongeza ramu ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Kama laptopu inaonyesha skrini ya bluu mara kwa mara, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Itajiwasha upya na kuikagua ramu yenyewe. Kosa hata moja linatosha kuishuku.

### Joto

Weka sikio karibu na feni na kiganja mahali hewa inapotokea. Feni inavuma kwa nguvu na hewa ni kidogo? Kuna blanketi la vumbi ndani. Hewa ni ya moto sana, na laptopu inazimika ikifanya kazi nzito? Yaelekea pia ule ute unaopakwa kati ya prosesa (chipu kuu) na bomba la shaba umekauka. Kusafisha na kupaka ute mpya ni kazi ndogo ambayo mafundi wengi hawaizungumzii, labda kwa sababu haina faida kubwa kwao.

Ukipuliza vumbi, izuie feni isizunguke kwa kuishikilia na kijiti. Ikizungushwa kwa kasi na upepo, beringi zake huumia.

### Kioo

Kioo cheusi hakimaanishi laptopu imekufa. Mulika tochi kwa mshazari: ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ndiyo iliyozima. Kisha unganisha na televisheni. Picha ikiwa safi huko, ugonjwa uko kwenye kioo au waya wake. Mistari ikijitokeza kwenye zote mbili, sehemu ya kuchora picha ndani ya mazabodi ina kasoro, na hiyo ni habari mbaya.

### Kipimo kinachotenganisha vyote

Ile flashi tupu uliyoandaa ni ya hapa. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, juu yake kwa kutumia kompyuta nyingine, washa laptopu kupitia flashi hiyo, na uchague kujaribu bila kusakinisha. Itumie nusu saa, hata kwa kutazama video.

Ikienda vizuri, mwili wa laptopu ni mzima na tatizo liko kwenye diski au mfumo uliojaa takataka. Ikiganda au kuzimika vile vile, tatizo liko chini zaidi: ramu, joto au mazabodi. Kipimo hiki kimeniokolea hela nyingi kuliko vingine vyote, na ndicho ambacho karibu kila mtu hukiruka.

## Hatua ya 4: Tafuta yale yasiyotibika

Mpaka hapa unajua kinachouma. Sasa jiulize kama kuna kitu ambacho hata fundi mzuri hawezi kukibadilisha.

Mfumo uliofika mwisho. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha), na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanza zaidi kizazi cha 8. Soma jina la prosesa yako: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kuna njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine isiyokubaliwa, lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine hizo. Kwa laptopu ya benki na nyaraka za kazi, mimi nisingefanya hivyo.

Anayeridhika na Linux anaweza kuishi miaka zaidi na mashine hiyo hiyo. Kivinjari, barua pepe, nyaraka na video zinakwenda. Asiyeweza kuishi bila Photoshop au Excel kamili, kwake huu ni ukuta. Kwa Mac zenye prosesa ya Intel, macOS 26 ndiyo toleo la mwisho, na hata hilo hukubali modeli chache tu.

Ramu iliyochomelewa. Laptopu nyingi nyembamba zina ramu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Kama yako ina GB 4 zilizochomelewa na hakuna nafasi ya kuongeza, hakuna SSD itakayoiokoa kwa muda mrefu. Tafuta modeli kamili iliyoandikwa chini ya laptopu uhakikishe kabla ya kununua kitu chochote.

Mazabodi. Iliyomwagikiwa maji inaweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikafa, kwa sababu kutu huendelea kula taratibu hata baada ya kukauka. Na ukiambiwa chipu ya picha "imepashwa moto ikapona", jua kwamba mara nyingi uponaji huo ni wa wiki au miezi michache. Nimeona watu wakiulipia mara tatu kwa chipu ile ile.

## Hatua ya 5: Nenda kwa fundi ukiwa na karatasi

Usiseme "itazame uone ina nini". Mwonyeshe dalili na vipimo vyako, kisha uulize: Kifaa gani kimekufa, na umejuaje? Spea ni mpya au imetolewa kwenye mashine nyingine? Dhamana ni ya siku ngapi, na imeandikwa? Nitarudishiwa kile kilichotolewa?

Fundi anayejua kazi yake hatachukia maswali haya. Anayekwepa la kwanza anabahatisha kwa hela yako.

Betri ndiyo inayoigizwa sana. Ukiwekewa mpya, rudia ripoti ya betri pale pale dukani. Kumbuka kwamba lebo na hata ripoti huweza kudanganya, kwa hiyo pima pia inakaa saa ngapi kweli siku ya kwanza, dhamana ikiwa bado hai.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Unahitaji namba mbili tu.

Ya kwanza ni gharama ya kuifanya laptopu ifae tena *yote*, siyo kuondoa ugonjwa wa leo peke yake. Kama inahitaji SSD leo na betri baada ya miezi miwili, zote mbili zinaingia.

Ya pili ni bei ya laptopu iliyotumika inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo. Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Wanalinganisha matengenezo na laptopu mpya ya kisasa, matengenezo yanaonekana rahisi, wanatoa. Lakini laptopu yako ikipona haitakuwa mpya. Itakuwa iliyotumika na nzima. Ilinganishe na mwenzake.

Tuseme mwenzake huyo anauzwa kwa 100. SSD ni 15: chini ya theluthi, tengeneza bila kusita. SSD na betri, 35: umeingia katikati, na hapo jibu linatoka hatua ya 4, pamoja na hali ya mwili wa laptopu. Mfumo bado unapata masasisho na bawaba za mfuniko ni imara? Tengeneza. Kimojawapo kina mashaka? Acha. Ongeza kioo cha 40, umefika 75, na ukishavuka nusu mimi hununua nyingine. Weka bei zako halisi mahali pa namba hizi, kwa maana uwiano wa spea hutofautiana sana kati ya modeli na modeli.

Hela uliyokwisha kutoa mwezi jana haiingii kwenye hesabu. "Nimeshaiwekea betri mpya" ndiyo sentensi inayowafanya watu waweke na kioo, kisha mazabodi.

Ukielekea kununua iliyotumika, ifanyie vipimo vile vile vya hatua ya 3 mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Akikataa, umeshajibiwa.

## Hatua ya 7a: Umeamua kutengeneza

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uitumie siku mbili tatu, ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikazuka shida, hutajua nani mkosaji.

Mimi huanza na SSD. Hakikisha umbo lake: ya inchi 2.5 inaingia mahali pa diski ya zamani. Ile ndogo nyembamba ya M.2 ina aina mbili, SATA na NVMe (ya kasi zaidi), na laptopu nyingi nzee hukubali moja tu. Sakinisha mfumo upya badala ya kunakili ule wa zamani pamoja na takataka zake. Ramu hufuata, ikiwa kipimo kilisema haitoshi. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya ramu, haziingiliani, hata mkato wake hauko mahali pamoja, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Kisha kusafisha joto, na betri mwisho.

Kabla ya kugusa chochote ndani, zima kabisa na uchomoe waya wa betri kwenye mazabodi. Piga picha kila hatua ya kufungua, na panga skrubu kwa umbo la mahali zilipotoka. Ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa upande wa pili.

Umefaulu kama inawaka chini ya nusu dakika hivi, diski haigandi kwenye asilimia 100, na ile sentensi ya hatua ya 2 haijirudii kwa wiki nzima.

## Hatua ya 7b: Umeamua kuiacha

Toka kwenye akaunti zako zote kwanza. MacBook iliyobaki na Find My (huduma ya Apple inayoifunga mashine kwa akaunti yako) haimfai mtu mwingine. Kama diski ni nzima, itoe uiweke kwenye kasha la USB, umepata diski ya nje. Kama unaiuza nayo, ifute kabisa kwa chaguo la kusafisha diski, maana kufuta mafaili kwa mkono huyaacha yakirudishika. Betri iliyovimba usiitupe jalalani wala usiiuze na mashine. Ipeleke panapopokelewa taka za elektroniki.

Chaja usiibakize nyumbani. Mnunuzi asipoweza kuiwasha laptopu mbele yako, atakupa bei ya spea hata kama ni nzima.